Ubeti wa Tatu wa Baba

Jumapili iliyopita nilikuwa Kisumu. Nikaingia kanisa letu la zamani, lile lililo karibu na ziwa, na kabla sijakaa vizuri kijana mmoja akashika maikrofoni akasema, "Tusimame tuimbe. Ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho." Jameni! Miaka yote hiyo, na kilichobadilika ni maikrofoni tu. Nilishika benchi la mbele yangu nikalibana hadi vidole vikauma. Wewe rafiki yangu, kama umekulia kanisani huku kwetu, unaijua sentensi hiyo kama unavyojua jina lako. Lakini umewahi kujiuliza ubeti wa tatu uliwakosea nini watu?

Mimi nimejiuliza tangu nikiwa na miaka tisa. Na wimbo wenyewe walioutangaza Jumapili ulitungwa na baba yangu. Siku hizi maneno yanaonyeshwa ukutani kwa mwanga wa mashine, na jina lake halikuwepo. Kukosekana kwa jina nilikuwa nimekuzoea. Kilichonichoma ni kwamba ukutani wimbo ule una beti tatu. Baba alitunga nne.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku tano za wiki, na mpiga kinanda siku mbili zilizobaki. Kinanda alijifunza akiwa mwanafunzi kule Maseno, kwa kuwachungulia wakubwa wakifanya mazoezi, na nota alizijua zile za do re mi, zinazoandikwa kwa herufi. Hizo zilimtosha. Alitunga akitembea, alitunga akinyoa ndevu, alitunga akisahihisha hesabu za watoto wa watu, na pembeni ya daftari la mtoto ungekuta so so la so kwa wino mwekundu. Wazazi walilalamika. Nyimbo zake ziliimbwa kwetu, zikapelekwa na wanakwaya hadi Port Victoria na kurudi, na huko njiani zikapoteza jina la mwenyewe. Yeye hakujali. Alikuwa akisema, "Wimbo ni kama ugali, mtu akishiba haulizi nani alisonga." Mimi nilijali, na hadi leo najali.

Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga, cha mbao, na sauti yake ilitoka kwa upepo wa miguu ya Baba. Ukiacha kukanyaga, wimbo unazimika. Msimu wa wadudu wa ziwa, wale wanaokuja kwa mawingu meusi kama moshi, waliingia ndani yake kwa maelfu, na Jumamosi tulikaa sakafuni mimi na Mama tukiwatoa kwa unyoya wa kuku. Wadudu wale wakifa wana harufu ya tope bichi. Hata sasa nikisikia harufu ile nasikia kinanda.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa Alhamisi jioni. Upepo ulileta harufu ya omena, wale dagaa wa ziwa, waliokuwa wakianikwa, na jirani yetu, aliyeongoza sauti ya kwanza, alikuja moja kwa moja kutoka sokoni na magamba ya samaki bado mikononi. Mama aliongoza alto, yaani sauti ya pili. Baba aliandika sauti moja ubaoni, kila kundi likanakili sauti yake peke yake kwenye daftari lake, kisha akafuta, akaandika nyingine. Sauti zote nne zilikuwa pamoja mahali pamoja tu duniani, katika daftari lake kubwa lenye jalada jeusi, na daftari hilo alilihifadhi ndani ya kinanda, chini ya mfuniko. Mimi nilikuwa alto, ubavuni mwa Mama. Alto ni kazi ya subira. Wenzako wanapanda na kushuka, wewe umesimama pale pale kwenye nota ya mi kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwingine apande.

Sasa nikwambie huo wimbo ulitoka wapi. Mama alikuwa na kaka mmoja, mjomba wangu, mcheshi sana, aliyekuwa akinibeba kichwa chini miguu juu na kuniuliza bei yangu kwa kilo. Alikwenda Port Victoria kufanya kazi ya uvuvi. Siku moja mtumbwi wao ulirudi bila watu. Walitafuta, wakatafuta, ziwa likakataa. Na kwetu, mtu akipotelea majini asipatikane, haachwi hivyo hivyo bila kaburi. Huletwa yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini hata ng'ombe hulikwepa, nalo huzikwa mahali pa mtu. Nyanya yangu, Dani kwa lugha yetu, alilifunga yago lile kwa shati la mwanawe akalizika nyuma ya nyumba yake.

Mchungaji wa wakati huo hakuja. Alisema kwa upole kabisa kwamba kanisa haliwezi kufanya ibada ya mazishi ya tunda. Basi Mjomba akawa amezikwa bila kuombewa, bila wimbo, bila jina lake kutajwa mbele ya watu. Dani hakubishana. Alimwambia Baba tu, "Mwalimu, wewe unajua kutunga. Nitafutie mahali pa mwanangu humo kanisani."

Baba akatunga. Ubeti wa kwanza ni ziwa asubuhi. Wa pili ni nyavu na wanaozivuta. Wa nne ni shukrani, "Asante Baba kwa nyavu nzito, asante kwa samaki tele." Na wa tatu ni huu:

*Wako walioingia majini,*
*Jioni hawakurejea;*
*Mama akazika tunda la mti,*
*Kaburi likamngojea.*
*Ee uliyetembea juu ya maji,*
*Tuambie ulimwona wapi.*

Wimbo mzima ulikuwa wa furaha, ila ubeti huo Baba aliubadilishia sauti. Nyimbo nyingi huishia kwenye do, unasikia umefika nyumbani. Huu ulishukia kwenye la, ukabaki hapo, umesimama mlangoni hujakaribishwa. Alhamisi ya kwanza tulipouimba wote pamoja, sauti nne, jirani yetu wa samaki aliacha kuimba katikati akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya magamba. Baba aliendelea kukanyaga kinanda hata baada ya sisi kumaliza. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba nimesimama ndani ya kitu kikubwa.

Jumapili ikafika. Dani alivaa gauni lake la Jumuiya ya Akina Mama, akaketi benchi la mbele. Mzee wa kanisa aliyekuwa akitangaza nyimbo, mtu wa koti la kijivu na saa kubwa ya mkononi, akainuka akatangaza: wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Kwa sababu ya muda.

Muda gani? Haki ya Mungu, muda gani? Mtu yule yule alikuwa akisoma matangazo nusu saa. Angekusomea ng'ombe wa nani amepotea, rangi yake na pembe zake. Lakini ubeti mmoja, dakika moja, ungemchelewesha kufika mbinguni!

Baba alimwendea baada ya ibada. "Mwalimu, usijali, Jumapili ijayo," mzee akasema. Jumapili ijayo ikawa ile ile. Na nyingine, na nyingine. Kulikuwa na watu walionong'ona kwamba ni kwa ajili ya yago, kwamba wazee hawataki mila kanisani. Sikuamini wakati ule na siamini leo. Ingekuwa hivyo ningewasamehe, kwa maana mtu anayekukataza angalau amekusikia. Mzee yule hakuwa hata ameusoma. Ubeti wa tatu haukuimbwa kwa sababu ubeti wa tatu hauimbwi, basi.

Mama alimwambia Baba wakiwa jikoni, mimi nikichambua omena, "Si uuhamishe tu? Huo wa tatu uuweke mwisho. Wa mwisho huwa hawauruki."

"Hapana," Baba akasema. "Mtu hafiki kwenye asante bila kupita kwenye kilio. Nikiuhamisha, wimbo utakuwa wa uongo."

"Basi kwaya iuimbe peke yake, wakati wa sadaka."

"Msiba hauimbwi na watu kumi na wawili, wengine wakitazama. Ni wimbo wa kanisa lote."

Unaona? Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimpenda baba yangu, lakini ukaidi wake ungeweza kuezeka nyumba. Tulimwambia Dani tutakuja kwake tumwimbie nyumbani, akakataa naye. "Mwanangu hakubatiziwa jikoni kwangu," akasema. Kila Jumapili tukitoka alinishika mkono na kuniuliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, leo wameuimba? Au masikio yangu ndiyo yamezeeka?" Nami nilikuwa na kazi ya kumwambia bado. Mjukuu wa miaka tisa, kila Jumapili, bado, Dani, bado.

Mwishowe Mama na wanawake wa alto wakapanga mapinduzi. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kanisa limejaa mahindi, mafungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, na askofu mgeni yuko madhabahuni. Mzee wa koti la kijivu akatangaza kama kawaida. Lakini ubeti wa pili ulipokwisha, Mama alimtazama Baba, akainua kidevu kidogo hivi, na Baba, mtu ambaye hakuwahi kuvunja amri ya kanisa maishani mwake, akaingia kwenye sauti ya ubeti wa tatu. Nilivuta pumzi hadi tumboni. Tukaanza, "Wako walioingia majini..."

Na kanisa zima, watu mia kadhaa, wakaimba ubeti wa nne.

Yawa! Walikuwa wameambiwa wa mwisho, wakaimba wa mwisho. Sauti ilikuwa ya kilio, wao wakaifuata vizuri tu, wakiburuta maneno yaingie: asante Baba kwa nyavu nzito, asante kwa samaki tele. Sisi kumi na wawili tukazama. Nilimwona Mama akifungua mdomo kwa nguvu zote na nisimsikie, na mimi niko ubavuni mwake. Kuku nao wakaanza kupiga kelele. Ulipokwisha, askofu akasema wimbo huo ni mzuri sana, una unyenyekevu, na watu wakapiga makofi.

Tulitembea kwenda nyumbani. Baba alikuwa mbele, mikono nyuma. Dani ndiye aliyesema, polepole, kama anayejisemea. "Nimesikia mahali pa mwanangu. Hapo ndipo walipomshukuru Mungu kwa samaki." Akatembea hatua chache. "Samaki hao hao waliomla."

Hakuniuliza tena baada ya siku hiyo. Aliaga dunia kabla ya mavuno mengine, na siku ya kumzika mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, hivyo wakaimba wa kwanza na wa mwisho.

Mimi nikaenda shule ya bweni, na kwenye sanduku langu, kwa bahati au kwa makusudi ya Mama, nikakuta daftari la alto. Nilipokuwa mtu mzima kanisa lilipata kinanda cha umeme, kile ambacho ukibonyeza kitufe ngoma zinalia zenyewe, na Baba akashukuriwa kwa cheti na saa ya ukutani. Kinanda cha mbao kilipelekwa stoo ya chini, karibu na maji. Daftari jeusi lilikuwa ndani yake, chini ya mfuniko. Baba aliuliza habari zake mara mbili tatu, akaambiwa liko salama, Mwalimu, usijali. Kisha ziwa likafura, wewe mwenyewe uliona lilivyopanda likala mashamba na nyumba za watu. Stoo ilikaa ndani ya maji miezi. Kilichotolewa humo hakikuwa tena kinanda wala daftari.

Kufikia hapo Mama alikuwa amekwisha kutuacha, na Baba alikuwa akikaa nyumba ya kupanga mtaani Migosi, mikono ikitetemeka. Nilimwambia aziandike upya nyimbo zote. Akacheka, akasema kwamba vidole haviwezi tena, lakini wazee wa kwaya bado wanazo kichwani. Halafu akanishika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akinishika Dani. "Siku yangu ikifika," akasema, "waimbe zote nne."

Siku yake ikafika. Tulimpeleka nyumbani, njia ya kwenda Maseno. Na sasa, rafiki yangu, nimekuzungusha sana kuhusu mzee wa koti la kijivu na saa yake, kwa sababu kuna jambo nililokuwa naogopa kulifikia. Nilikuwa nimehakikisha kila kitu. Kwenye karatasi za mazishi nilichapisha beti zote nne. Nilikataa mtu mwingine yeyote autangaze wimbo ule. Nitautangaza mwenyewe, binti yake. Wanakwaya wa zamani waliobaki, watano, walikuja na mikongojo, na jirani yetu wa sauti ya kwanza aliketishwa mbele, kipofu wa jicho moja. Nilikuwa sijalala siku tatu. Nikasimama mbele ya jeneza, nikatazama ule umati wa watu, nikafungua mdomo.

"Tusimame tuimbe," nikasema. "Ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho."

Mdomo ulijiendea. Wala sikusikia nilichosema. Tuliimba wa kwanza, tukaimba wa pili, nami nikajiandaa na mi yangu, na watu wote wakaanza "Asante Baba kwa nyavu nzito." Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ilikuwa imekwisha, kwa maana huwezi kuwasimamisha watu elfu moja wanaoimba shukrani. Nilisimama tu na karatasi mkononi. Zote nne zilikuwa zimeandikwa pale.

Baadaye yule jirani akaniita. Alinipapasa uso kwa mkono wake, mkono uliokuwa bado na makovu ya mapezi. "Sisi tulikuwa tayari, nyathina, mwanangu," akaniambia. "Wa tatu. Tulikuwa tumeshavuta pumzi." Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Nilikusudia kurudi kwake anifundishe sauti ya kwanza. Nilisema Krismasi, kisha nikasema Pasaka. Alizikwa kabla ya Pasaka, na wale wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake. Kilichobaki duniani cha ubeti ule ni daftari la alto. Nililipeleka kwa mwalimu mmoja wa muziki, akalisoma, akaniandikia sauti ya kwanza nzuri kabisa juu yake. Nikaisikiliza. Haikuwa ya Baba. Alinieleza kwa heshima kwamba juu ya alto moja unaweza kuweka nyimbo mia, hasa alto inayokaa kwenye mi namna hiyo. Usiku na mchana naitafuta ile ya kweli kichwani, naisikia ikianza kupanda, halafu naona magamba ya samaki na kiwiko, na sauti inapotea.

Basi Jumapili iliyopita kijana alitangaza, tukasimama. Tukaimba ziwa asubuhi, tukaimba nyavu. Kinanda cha umeme kikapiga ngoma zake, watu wakaingia kwenye asante. Na mimi, mwanamke mzima mwenye mvi na mkoba begani, nikaanza, "Wako walioingia majini." Mi, mi, mi, re, mi. Peke yake haifanani na wimbo wowote. Inafanana na mtu aliyesahau kubadilisha sauti.

Binti aliyekuwa kando yangu alinivumilia hadi mstari wa kaburi. Kisha akanigusa kiwiko kwa upole, akanionyesha kwa kidole maneno ya ukutani.

"Mama," akaninong'oneza, "tuko wa mwisho."

Nikamwambia najua.